Swali la Mkulima Huishia Wapi? Mhadhara wa Uprofesa juu ya Ofisi ya Kilimo ya Kaunti



Desturi ya mhadhara huu ni profesa mpya kuueleza umma anachofanya. Somo langu ni ugani, na katika vyuo vikuu somo hili lina unyonge wake. Wenzetu wa jenetiki wana mbegu ya kuonyesha. Wa sayansi ya udongo wana maabara. Sisi tuna mtu aliyepanda pikipiki, ana begi mgongoni na vumbi hadi kwenye kope. Nitazungumza juu ya mtu huyo na ofisi iliyomtuma.

Ofisi yenyewe mnaijua. Kila kaunti kati ya 47 za Kenya inayo, na mara nyingi ni jengo lililorithiwa kutoka enzi za wilaya: bango la viwavi jeshi ukutani, mifuko ya mbegu za maonyesho pembeni, kabati la faili ambalo ufunguo wake anao mtu aliye likizoni. Chini yake wako maafisa wa wadi, mmoja kwa wadi akibahatika, na wengi wana wadi mbili. Kiwango kinachotajwa mara kwa mara ni afisa mmoja kwa wakulima 400. Hali halisi katika kaunti nyingi inapita wakulima 1,000 kwa afisa. Ajira zilisitishwa miaka ya 1990 tulipobanwa na masharti ya marekebisho ya uchumi. Walioajiriwa kabla ya hapo wamezeeka pamoja, wanastaafu pamoja, na viti vyao vinabaki vitupu.

Karibu kila anayeandika juu ya ugani nchini Kenya huanza na hesabu hiyo na kuishia nayo: tuajiri. Sina ugomvi na hilo, tuajiri hata kesho. Lakini tukiajiri maafisa kufikia kiwango hicho halafu tukawapa kazi ileile waliyokuwa wakifanya waliotangulia, tutakuwa tumeongeza idadi ya watu wanaosoma kijitabu kwa sauti. Ofisi ya kilimo ina kazi mbili: kuyashusha maarifa hadi shambani, na kuyapandisha maswali ya shambani hadi kwa wenye uwezo wa kuyajibu. Tumeijenga, tumeifadhili na tunaipima kwa kazi ya kwanza peke yake. Nikitazama historia yake, naona kwamba pale ilipowafaa watu, kazi ya pili ilikuwa imefanyika, hata kama hakuna aliyeiandika kwenye ripoti.

Nianze na meza.

Tangu mwaka 2010 tumekuwa na kliniki za mimea, zilizoletwa na shirika la CABI kwa kushirikiana na Wizara ya Kilimo. Ni jambo dogo sana kulitazama. Siku ya soko, afisa anaweka meza na mwavuli karibu na wauza mitumba, anapanga lenzi yake, kisu na daftari la fomu, anangoja. Mkulima anakuja na mgonjwa wake mkononi. Nimekaa kwenye meza hizo na wanafunzi wangu, na mambo huenda hivi: mzee anafika na tawi la mnyanya ndani ya mfuko wa nailoni. Majani yana mabaka meupe yaliyokauka kama karatasi. Afisa hasemi kitu kwanza. Anauliza ulipanda lini, jirani yako naye hali yake ikoje, umepiga dawa gani. Mzee anatoa chupa tupu mfukoni, maana hapo zamani aliwahi kuambiwa aje nayo. Afisa anaisoma. Ni dawa ya ukungu. Kisha anainua jani kuelekea jua, na ndani ya baka, kati ya ngozi mbili za jani, kijidudu kinaonekana kikijongea. Ni kiwavi wa Tuta absoluta, yule ambaye wakulima wa Tanzania wamempa jina la Kanitangaze, kwa kuwa akiingia shambani mwako habari zitafika mbali.

Mzee alikuwa amepulizia dawa ya ukungu kwa mdudu msimu mzima. Muuzaji wa agroveti hakumdanganya, alimuuliza tu, "Majani yanakauka?" akampa chupa iliyokuwa karibu. Afisa anaandika ushauri, anaeleza mtego wa harufu unaowanasa nondo wa kiume, anaeleza kung'oa na kufukia mabaki. Hadi hapo kazi ya kwanza imefanyika, tena vizuri.

Kazi ya pili iko kwenye fomu. Kila fomu ina zao, dalili, mahali na tarehe. Fomu za meza zote zikikusanywa, kaunti itajua mwezi huu nini kinaumwa wapi, na ni dawa gani inauzwa kimakosa katika soko lipi. Fomu hizo huenda wapi? Nyingine huingizwa kwenye mfumo na kusomwa na watafiti. Nyingine, nawaambia kwa kuwa nimefungua makabati, hulala. Afisa aliyezijaza haambiwi zilisema nini. Wala mzee.

Tulifikaje hapa? Ofisi hii ilizaliwa kutoa amri. Katika zama za ukoloni bwana shamba alikuja na kamba, vigingi na askari wa chifu. Huko Murang'a, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali iliagiza matuta ya kuzuia mmomonyoko yachimbwe kwa kazi ya lazima asubuhi kadhaa za juma, na wachimbaji wakubwa walikuwa wanawake, kwani wanaume wengi walikuwa mijini na mashambani mwa walowezi. Mwaka 1947 watu waligoma. Mwaka uliofuata wanawake walikwenda hadi makao ya wilaya kusema hawachimbi tena. Udongo wa Murang'a ulikuwa unamomonyoka kweli. Bwana shamba hakuwa amekosea kuhusu mvua na miteremko. Ila hakuna aliyewauliza wale wanawake kazi hiyo ingemeza siku ngapi za palizi, wala ardhi ikipona ingekuwa ya nani. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulibadilisha mengi: Waafrika wakaruhusiwa kwa upana zaidi kulima kahawa na chai, ardhi ikapimwa na kuandikishwa, na maafisa wakaongezwa. Namna ya kusema na mkulima haikubadilika sana.

Sasa tazameni Machakos, ambako mambo yalikwenda vingine. Miaka ya 1930 maafisa wa serikali waliiandika wilaya hiyo kama nchi inayokufa. Watu walikuwa wapatao 240,000. Kufikia sensa ya 1989 walikaribia milioni 1.4, na watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu chao cha mwaka 1994, walionyesha kwamba katika muda huo mmomonyoko ulipungua na mazao kwa kila ekari yakaongezeka. Sababu ni nyingi: soko la Nairobi, kahawa, mishahara ya mjini iliyorudi nyumbani kununua majembe, na vikundi vya akina mama vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi. Ila mnisikilize kuhusu tuta lenyewe. Lililoshinda ni fanya juu. Unachimba mtaro kufuata usawa wa mlima, udongo unautupa upande wa juu, juu ya ukingo unapanda nyasi za nepia. Mvua ya miaka michache inamaliza kazi: udongo unaoteremka unakamatwa na ukingo, na mteremko unageuka ngazi. Usawa unapimwa kwa fimbo mbili, uzi na pimamaji ndogo inayoning'inia katikati. Wanakikundi wenyewe walifundishwa kuishika, wakawa hawamngoji afisa. Mpango wa kuhifadhi udongo uliofadhiliwa na Sweden kuanzia 1974 uliifuata njia ambayo wakulima walikuwa wameipenda, ukaipa majembe na mafunzo. Kuna maafisa wachache sana waliopata sifa kwa kufuata, ila hao wa Machakos wanastahili.

Mbegu chotara ya mahindi nitaipitia haraka kwa kuwa kila mtu anaijua. H611 ilitoka Kitale mwaka 1964 na ikasambaa nyanda za juu kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana kwa wakulima wadogo wa bara hili. Maafisa wa ugani walijipongeza, na walikuwa na haki, ila mbegu hiyo ilijiuza yenyewe: jirani aliona gunzi la jirani. Tulichojifunza humo ni kibaya kidogo. Tulidhani kila ujumbe utasambaa kama H611.

Ndipo ukaja mfumo wa Mafunzo na Ziara. Benki ya Dunia iliusambaza nchi nyingi, na hapa ulianza mwaka 1982. Ulikuwa mfumo wa nidhamu. Afisa alikuwa na ratiba ya wiki mbili, siku maalumu, wakulima maalumu wa kuwatembelea, na ujumbe alioufunzwa wiki iliyotangulia. Wakulima hao wateule wangewafundisha majirani. Kwenye karatasi hakuna aliyeachwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, tathmini ya Benki ya Dunia yenyewe haikupata ushahidi wa maana kwamba fedha hizo ziliongeza mavuno au ufanisi wa mkulima. Ziara zilikuwa chache kuliko ratiba, na ujumbe ulikuwa uleule kwa mwenye ekari moja ya kichanga na mwenye ekari kumi za udongo mwekundu. Walimu wangu walifanya kazi ndani ya mfumo huo. Hawakuwa wavivu. Walikuwa na fomu ya kuonyesha kwamba ujumbe umefika, na hawakuwa na fomu ya kuonyesha kwamba mkulima ameukataa na kwa nini.

Kwa nini huukataa? Hapa kuna utafiti ambao ningependa kila afisa wa wadi ausome. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanauchumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya majaribio ya mbolea kwenye mashamba ya wakulima wenyewe huko Busia, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Kifurushi rasmi cha wizara, yaani mbegu chotara, mbolea ya kupandia na mbolea ya kukuzia kwa vipimo kamili, kilimpa mkulima wa kawaida hasara. Nusu kijiko cha chai cha mbolea ya CAN kwa kila shimo, mahindi yakishafika magotini, kilimpa faida nzuri. Mkulima aliyesikiliza kifurushi kizima, akaguna na kurudi nyumbani, alikuwa amepiga hesabu sawasawa. Wizara ilimwita mgumu wa kubadilika.

Uchunguzi wao uliendelea kwenye swali jingine: kama kijiko hicho kina faida, mbona wengi hawakitumii? Wakulima wakajibu kwamba mbolea inahitajika wakati fedha za mavuno zimekwisha. Basi wakajaribu kuwauzia mbolea mara baada ya mavuno, bei ileile, iletwe nyumbani, na waliotumia wakaongezeka. Hakuna mbegu mpya hapo, hakuna semina. Kilichobadilika ni tarehe. Afisa yeyote aliyewahi kukaa na mama akihesabu noti za mauzo ya mahindi, huku karo ya shule ikingoja mlangoni, angeweza kuiambia wizara hilo kabla ya wanauchumi kupanda ndege. Labda wako waliosema. Barua yao iko kabatini.

Tuje kwenye ugatuzi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka kilimo mikononi mwa kaunti: mazao na mifugo, masoko ya mifugo, machinjio, kudhibiti magonjwa ya mimea na wanyama, uvuvi. Serikali kuu ikabaki na sera ya kilimo. Wengi husoma hadi hapo. Nawaomba msome pia sehemu inayosema vyuo vikuu na taasisi za utafiti ni za serikali kuu. Kwa mistari hiyo michache, kuanzia 2013, afisa wa wadi ni mtumishi wa gavana. Mtafiti wa KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, aliye Mtwapa, Katumani au Kitale ni mtumishi wa Nairobi. Nami mhadhiri ni wa baraza la chuo. Kila mmoja ana bajeti yake, gari lake na ripoti yake. Hakuna sheria inayomzuia afisa wa Kilifi kupeleka swali Mtwapa. Hakuna pia inayomlazimu mtu wa Mtwapa kulijibu.

Wamarekani, ambao ofisi zao za ugani za kaunti zina zaidi ya karne, walilifunga jambo hili kwa sheria. Mwaka 1903, huko Terrell, Texas, Seaman Knapp alimshawishi mkulima mmoja ajaribu mbinu mpya kwenye shamba lake mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe, wafanyabiashara wa mji wakiahidi kumfidia akipata hasara. Hakupata hasara. Mwaka 1906 Thomas Monroe Campbell akaanza kazi ya afisa wa kaunti kutoka Tuskegee, Alabama, akiendesha gari la kukokotwa lililojaa zana za kufundishia wakulima weusi. Sheria ya Smith-Lever ya 1914 ikafanya ugani kuwa kazi ya pamoja ya serikali ya shirikisho, jimbo na kaunti, ikipitia chuo kikuu cha kilimo cha jimbo. Afisa wa kaunti ana mguu mmoja chuoni. Nisiwapambie: katika majimbo ya kusini huduma iligawanywa kwa rangi kwa miongo mingi, na ofisi za weusi zilipewa makombo. Chama cha vijana cha 4-H kilichokua ndani ya mfumo huo ndicho kilichoigwa kwa 4K zetu mwaka 1962, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, ambazo zilififia na kufufuliwa 2021. Tuliiga klabu. Ule uzi unaounganisha chuo na ofisi hatukuuiga.

Na uzi huo tunauhitaji kwa mambo ya kuokoa maisha. Septemba 2011, wakulima wa Longisa huko Bomet waliona mahindi yakigeuka manjano kuanzia kingo za majani, moyo wa mmea ukafa, magunzi yakatoka na punje za kuhesabu. Walidhani ni ukame, wengine mbolea mbovu. Waliwaambia maafisa, maafisa wakaita watafiti, na sampuli zikaonyesha virusi viwili vinavyoshambulia kwa pamoja: ugonjwa hatari wa mahindi ambao ulikuwa haujawahi kuripotiwa barani Afrika. Kufikia 2013 kulikuwa na kituo cha kupima mbegu dhidi yake pale Naivasha, kazi ya KARI, iliyotangulia KALRO, na CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano. Nisiseme kila kitu kilikwenda haraka. Mashamba mengi yalikwisha kabla. Lakini hakukuwa na setilaiti iliyouona ugonjwa huo kwanza. Alikuwa mkulima aliyekuwa na mtu wa kumwambia.

Upande wa pili wa shilingi ni 2004. Ukambani, hasa Makueni na Kitui, mahindi yaliyowekwa ndani yakiwa na unyevu yaliota kuvu lenye sumu ya aflatoksini. Watu 317 walithibitishwa kuugua, 125 wakafa. Ushauri wa kuzuia hilo haukuwa siri: kausha juu ya turubai, usianike juu ya udongo, pima unyevu kabla ya kuweka ghalani. Kipimo chenyewe hakihitaji umeme. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi theluthi moja, tia chumvi kavu vijiko viwili vitatu, funga, tikisa, iache robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi hayajakauka, yarudishe juani. Nimeona afisa akifanya hivyo barazani kwa chifu, na mama mmoja akauliza swali ambalo halimo kwenye kijitabu: "Na nikiyarudisha juani, mwizi akiyaona?" Mahindi ya Ukambani yaliingizwa ndani mabichi kwa sababu nyingi, na njaa na hofu ya wezi ni mbili kati yake. Ukimfundisha mtu kukausha bila kumjibu la mwizi, atakupigia makofi na kwenda kuyafungia ndani vilevile.

Hapa Pwani tunao mfano wetu, mpole zaidi. Muhogo wa Kibandameno tunaupenda sote. Ni mtamu, unaiva upesi, ukiuchemsha asubuhi na chai huhitaji kitu kingine. Pia unashikwa upesi na batobato na michirizi ya kahawia, ugonjwa unaoozesha mzizi ndani huku majani yakikudanganya kwamba mambo ni shwari. Mtwapa walitoa aina zinazostahimili, wakazipa majina ya kutia moyo kama Shibe na Tajirika. Maafisa wakasambaza vipando. Wakulima wakavipokea, wakavipanda pembeni, na katikati ya shamba wakaendelea na Kibandameno. Ripoti ikaandika kwamba vipando vimegawanywa. Wauza muhogo wa kuchoma wa hapa mjini wangeweza kueleza yaliyobaki kwa sentensi moja: mteja anauliza jina kabla ya kununua. Swali la ladha, la muda wa kuiva na la mteja lilipaswa kumfikia mzalishaji wa mbegu akiwa bado anachagua wazazi. Kumfikia miaka kumi baadaye ni sawa na kumpa bwana harusi ushauri wa posa.

Najua kuna watakaoniambia kwamba simu imemaliza habari hii. Mkulima ana WhatsApp, kuna vipindi vya televisheni kama Shamba Shape Up kilichoanza 2012, na sasa miradi imewaingiza vijana wa kilimo-biashara wanaotarajiwa kujikimu kwa kuuza pembejeo na huduma kijijini. Nawakaribisha wote. Picha ya jani iliyotumwa saa mbili usiku na kujibiwa saa tatu ni ugani safi. Wasiwasi wangu ni kuhusu anayejibu. Kijana anayeishi kwa kamisheni ya dawa, akiulizwa kuhusu jani lenye mabaka, ana sababu ya kuiona chupa kabla hajauona mdudu. Afisa wa kaunti hauzi kitu. Katika soko lililojaa wauzaji, mtu asiyeuza kitu ana thamani ambayo bajeti zetu hazijaijua. Mwaka 2024, mbolea bandia ilipoingia hadi kwenye mpango wa ruzuku wa serikali, wakulima walihitaji mtu wa namna hiyo wa kumuuliza, na wengi hawakumpata.

Basi ninaomba nini? La kwanza ninaliomba kwa mawaziri wa kilimo wa kaunti. Fomu ya ripoti ya mwezi ya afisa wa wadi ina sehemu ya idadi ya wakulima waliofikiwa, wanaume, wanawake, vijana. Ongezeni ukurasa mmoja wa maswali aliyoshindwa kuyajibu. Ukurasa huo ukirudi mtupu miezi mitatu mfululizo, mtembeleeni afisa huyo, kwa maana ama hatembei, ama anaogopa kuonekana hajui. Nadhani la pili ndilo kubwa. Tumewalea maafisa wetu waamini kwamba "sijui, nitauliza" ni kujivunjia heshima, ilhali mkulima anayaamini maneno hayo kuliko mengine yote wanayosema.

Kwa bunge la kaunti, na namwona mwakilishi wadi wetu hapo mbele, ombi langu ni mafuta. Mishahara ya ofisi za kilimo hulipwa. Kinachokatwa kwanza bajeti ikibana ni fedha za kutembea. Afisa mwenye mshahara na pikipiki isiyo na petroli ni karani. Kama mnapaswa kuchagua kati ya maonyesho makubwa ya siku moja yenye mahema na vipaza sauti, na mafuta ya mwaka mzima ya wadi kadhaa, ninyi ni watu wa siasa na najua mahema yanaonekana zaidi. Hata hivyo nimeomba.

La mwisho ni kwa chuo hiki, na linanihusu. Wanafunzi wangu wa mwaka wa nne huchagua mada za tasnifu kutoka vitabuni, halafu wanakwenda kuzitafutia wakulima. Kuanzia muhula ujao, idara yetu itapokea maswali yaliyokwama kutoka wadi zitakazokubali, na nusu ya mada zitatoka humo. Mwanafunzi atakuwa na wajibu wa kurudi kwenye wadi ileile, kwenye baraza, na kusema alichokipata kwa Kiswahili, Kigiriama au lugha yoyote ya waliouliza, hata kama alichopata ni kwamba jibu bado halipo. Mkurugenzi wa kituo cha utafiti nimeshazungumza naye; anataka kujua nani atalipia usafiri wa sampuli. Ni swali la haki, na sijapata wa kulijibu. Liko la kwanza kwenye orodha.